Miaka ya Kuangalia Ukuta Mteja Akijaribu Pikipiki

Wadogo zangu wa duka na gereji,

Siku mliyoniaga kwa soda na chupa ya chai, mliniuliza swali hata kabla keki haijakatwa: hawa watu wa video waruhusiwe kuwapiga picha wateja wakijaribu pikipiki, au wafukuzwe langoni? Nilikuwa nimeshajaza mdomo soda, nikatikisa kichwa tu, na kila mmoja wenu akaondoka na jibu alilokuwa amekuja nalo. Sasa niko nyumbani, kuku wa mke wangu wameshanizoea, na nina nafasi ya kujibu kama inavyotakiwa. Nitaanzia mbali. Hiyo ndiyo faida pekee ya kustaafu niliyoiona mpaka sasa, kwamba hakuna anayenipigia honi nimalize.

Kuhusu vyeo sina la kuandika. Vyangu vilikuja vimechelewa, vikakaa kidogo, tukaondoka pamoja. Mshahara nao mnaujua, maana mnapokea uleule. Nitawaandikia kazi.

Nilianza Busia, upande wa Kenya, katika duka la pikipiki lililokuwa karibu na mpaka, mahali ambapo mteja angeweza kuanza kubishana bei kwa Kiswahili, akakasirika kwa Kisamia, na mwisho akakubali kwa Kijaluo. Mimi nilitoka kwenye baiskeli. Nilikuwa nakaza spoku kando ya barabara, na niliamini kabisa kwamba pikipiki ni baiskeli iliyokula ikashiba. Fundi mkuu alikuwa Mzee Egesa, Msamia mrefu mwenye sauti ndogo, aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwa limesimama utosini. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha kwenye injini inayonguruma na mpini sikioni, kisha nimwambie nasikia nini. Nikasikiliza kwa uso wa daktari. Nikamwambia kuna kitu kinagonga ndani.

"Hicho ni kidole changu," akasema. Alikuwa anagonga tangi upande wa pili.

Wenzangu walicheka mpaka chakula cha mchana, na mimi nikajifunza kutembeza macho kabla ya kutoa hukumu. Lakini bisibisi ya sikioni msiidharau. Inakuambia beringi imechoka na vali zimelegea, na inakuambia mapema. Najua siku hizi kuna simu inayopima injini. Naiheshimu, ila sijaiona bado ikifungua skrubu.

Wiki hiyohiyo nilikutana na desturi ya ukuta. Alikuja mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mwenye mwili na heshima zake, akachagua pikipiki, akaipanda ili aijaribu uani. Mzee Egesa akakohoa kidogo, akasema, "Ukuta." Gereji nzima ikageuka. Mafundi, karani, mshona viti vya ngozi, wote wakauangalia ukuta kana kwamba kuna tangazo la kazi. Mimi nikabaki nimekodoa macho kumwangalia mzee wa watu akiyumba. Mzee Egesa akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakizungusha taratibu kama mtu anayefunga balbu, mpaka nikauona ukuta kama wengine.

Baadaye alinieleza. Mtu mzima akija kununua pikipiki, mara nyingi hajui kuiendesha, lakini hawezi kusema. Ameshawatangazia ndugu, ameshavaa koti. Akianguka mbele ya macho yenu hatarudi tena, hata cheni ikikatika mlangoni kwenu ataisukuma mpaka duka la jirani. "Mtu mzima anayejifunza ni mtu anayeoga," alisema. "Wewe mpe maji na sabuni, halafu uondoke." Kwa hiyo tulikuwa tunageuka mpaka mteja mwenyewe aseme "haya." Hapo tunageuka tena, tunamkuta amesimama, vumbi amejipangusa, na sisi tunampongeza kwa kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Niliuangalia ukuta ule miaka mingi. Nilijua nyufa zake na kalenda yake ya oili iliyopitwa na wakati kuliko ninavyoujua uso wa mama mkwe wangu, ambaye kwa desturi yetu sitakiwi kumtazama sana. Na kwa kuangalia ukuta masikio yetu yalikuwa makali. Tulimjua anayeachia klachi kwa pupa na anayesahau gia. Tulimjua hata mchungaji wa kanisa aliyeomba kwanza kwa muda mrefu, akapiga kiki, akapiga tena, akaanza kukemea, mpaka Mzee Egesa akasema kwa upole, bado akiwa ameangalia ukuta, "Baba mchungaji, fungua bomba la petroli."

Baadaye Tajiri, ndivyo tulivyomwita mwenye duka naye hakuwahi kukataa, akafungua duka la pili Tororo, ng'ambo ya mpaka, Uganda, akanipeleka huko niwe mkubwa wa majaribio. Desturi nilihama nayo. Wateja wa Tororo walikuwa na mambo yao. Mmoja alikuja na mbuzi, kwa sababu hakutaka kujua kama yeye ataizoea pikipiki, alitaka kujua kama mbuzi ataizoea. Mwingine, mtu wa Mukuju, alitoka langoni vizuri sana, sauti ya injini ikafifia, nasi tukangoja "haya" mpaka shingo zikatuuma. Jioni akapiga simu. Hakuwa anajua kukata kona, kwa hiyo alikuwa amekwenda tu mbele, na petroli imemwishia njia ya Mbale. Aliinunua hiyohiyo pikipiki. Alisema inanyooka vizuri.

Sasa tuje kwa watu wa video. Wa kwanza walikuwa vijana waliovaa miwani ya jua wakati wa mvua. Walikuwa wanazunguka pikipiki, wanasifu taa saa sita mchana na breki wakiwa wamesimama, wanaaga, wanaenda zao. Tajiri aliwapenda. Hawakuwa na hatari yoyote.

Kisha akaja Nafula. Huyu alikuwa msichana wa Busia, ng'ambo ya Kenya, mwenye begi mgongoni na kijiti cha kushikia simu. Alikuwa anapiga video zake mwenyewe, hakuna duka lililomtuma wala kampuni iliyomlipa, na hilo ndilo lililomtia Tajiri hofu. "Mtu asiyelipwa anaweza kusema kitu chochote," aliniambia. Sikumkumbusha kwamba anayelipwa pia husema chochote.

Nafula alitaka ruhusa ya kupiga video wateja wetu wakiwa kwenye majaribio. Nikamwambia kama anataka kuonyesha pikipiki, apande mwenyewe.

"Mzee, mimi nimezoea, na mimi ni mwepesi," akasema. "Watu wa kijijini wananiuliza kama hii kitu itapanda mlima na gunia na mama juu yake. Hawaniulizi rangi. Nataka kuona mtu wa kawaida, ule ataitumia. Akihangaika nione anahangaika wapi."

"Na akianguka?" Tajiri akauliza kutoka ofisini. "Watu wataona pikipiki yangu iko chini. Nani atanunua kitu iko chini?"

Mimi pia nilikataa, ila kwa sababu nyingine. Nilifikiria aibu ya wateja. Mimi na Tajiri tulikuwa hatukubaliani hata juu ya kiasi cha sukari kwenye chai, na siku tulipokubaliana nilipaswa kujua kwamba kuna mahali tumekosea wote wawili. Tukabandika tangazo langoni: hakuna kupiga picha. Nafula akalisoma, akavuka barabara, akasimama kwa mama mmoja aliyekuwa anauza chapati, akaelekeza simu yake kwetu.

"Barabara si yenu," akasema kwa adabu, akanunua chapati.

Mama wa chapati alifurahi sana na maendeleo hayo.

Katika siku hizo ndipo alipokuja Mama Awor. Alitoka kijiji cha Sop Sop, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima mihogo na kuileta sokoni Tororo. Alikuwa mnene wa wastani, mwepesi wa kucheka, na alikuwa amevaa gauni la kitenge juu ya suruali ya kuchezea mpira ya mwanawe. Kikundi kilikuwa kimekubaliana kununua pikipiki ya kubebea mihogo. Shida ilikuwa nani ataiendesha.

Alinieleza akiwa amekaa juu ya tairi. Kikundi kiliwahi kuwa na baiskeli, na shemeji yake, mtu aitwaye Othieno, alijitolea kuwaendeshea. Tangu siku hiyo baiskeli ililala kwake na mihogo ikalala kwao. Sasa Othieno alikuwa amejitolea tena, na safari hii alikuwa na sababu nzuri, maana pikipiki anaijua kweli. Akina mama wakakata shauri: siku ya soko, Jumamosi, wote watakuja Tororo, na mwenyekiti akiweza kuipanda mbele yao, pikipiki itakuwa mikononi mwake. Asipoweza, apewe Othieno.

"Nikianguka mbele yao hawatanicheka," Mama Awor akasema. "Watasema, pole mama, wacha tu Othieno aendeshe. Watasema na huruma. Hiyo huruma ndio mimi naogopa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwetu atajifunza kwa faragha. Akapanda. Mimi nikakohoa, nikasema, "Ukuta."

Tukamsikia akitoka vizuri. Klachi aliiachia kwa upole, gia ikaingia, akazunguka uani. Kisha injini ikanguruma ghafla, halafu puu. Tukangoja. "Haya," akasema, na sauti yake ilikuwa imekaa chini kidogo kuliko kawaida. Tukageuka.

"Umezungusha mafuta mengi, mama," nikamwambia, kwa uhakika wa mtu aliyesikiliza injini maisha yake yote. "Punguza mkono."

Akapanda tena. Akapunguza mkono. Akatoka vizuri, akazunguka, injini ikanguruma, puu.

"Mama, usiogope."

"Mimi siogopi," akasema. "Mimi naanguka."

Ikawa hivyo siku ile na siku iliyofuata. Kutoka alikuwa anatoka vizuri, kuzunguka anazunguka vizuri, kila akitaka kusimama anaanguka. Nilimpa ushauri wote niliokuwa nao. Nilimwambia apumue, nilimwambia akaze magoti, nilimwambia aangalie mbele. Mafundi wangu nao, kila mmoja na nadharia yake aliyoipata ukutani. Jumamosi ilikuwa inakaribia na viwiko vyake vilikuwa vimeshachubuka.

Siku ya tatu alizunguka mpana zaidi, akaja kuanguka karibu kabisa na lango. Niliposikia mama wa chapati akisema "pole, nyabo," nikajua huko nje kuna macho. Sikungoja "haya." Niligeuka, nikamwona Nafula ng'ambo ya barabara, simu ameishika juu, imetulia kabisa. Nilivuka barabara haraka kuliko magoti yangu yalivyotaka.

"Futa hiyo," nikamwambia.

"Mzee, tulia kwanza."

"Futa. Unajua umepiga nini? Hiyo ikifika Sop Sop leo, huyu mama amepoteza pikipiki." Nikamweleza yote, shemeji, akina mama, Jumamosi. Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilimwambia watu kama yeye wanakula aibu za wenzao na chapati.

Nafula hakunijibu kwa ukali. Alishusha simu. "Sijaituma," akasema. "Sikujua hayo yote. Nilidhani ni mteja tu." Akafungua video ili aifute, nami nikainama nihakikishe.

"Leta nione," sauti ikasema nyuma yangu. Mama Awor alikuwa amevuka, anachechemea, vumbi begani.

"Mama, hakuna haja," nikasema.

"Ni mimi nimeanguka. Sio wewe."

Nafula akampa simu. Tukainamisha vichwa, Mama Awor, Nafula na mimi, na mama wa chapati akaacha chapati yake iungue ili aongeze kichwa chake. Mama Awor alijitazama akitoka, akizunguka, akianguka. Hakuona haya. Alitazama kama mtu anayechambua maharage. "Rudisha," akasema. Nafula akarudisha. "Rudisha tena." Kisha akasema, "Simamisha hapo," akaweka kidole juu ya kioo.

"Angalia mikono. Nafinya zote mbili."

Nikaangalia, ni kweli. Kwa ninyi mnaojua pikipiki sihitaji kueleza sana, lakini wa sebule ya mauzo wanisikilize. Kwenye baiskeli breki zote mbili ziko mikononi, ukitaka kusimama unafinya kulia na kushoto pamoja. Kwenye pikipiki mkono wa kushoto ni klachi, na mkono wa kulia ni breki ya mbele peke yake. Breki ya nyuma iko mguuni. Mama Awor, mtu wa baiskeli tangu utoto, alikuwa anafinya zote mbili. Klachi inaiachia injini huru, ndiyo maana tulisikia ngurumo. Breki ya mbele inalikamata gurudumu juu ya changarawe, na usukani ukiwa umepinda kidogo tu, lazima uanguke. Haikuwa mafuta mengi. Haikuwa woga. Na mguu wake wa kulia, kama alivyosema mwenyewe baadaye, ulikuwa umelala.

"Mbona hukuniambia kwamba unafinya zote mbili?" nikauliza.

"Kwani mimi najiona?" akasema. Akamrudishia Nafula simu. "Watu wote wa hapa mlikuwa mnaangalia ukuta. Huyu mtoto peke yake ndio aliniangalia."

Alisema bila hasira, na ndiyo sababu iliniuma. Nilirudi uani. Nilikuwa nimemheshimu yule mama mpaka karibu nimpe shemeji yake pikipiki.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya kawaida. Nilikata ukanda wa tyubu kuukuu, nikaukunja na kuufunga kama kabari nyuma ya mkono wa breki ya mbele, ili hata akisahau akafinya, isishike. Ikabidi mguu uamke. Andikeni hilo mahali, ni dawa nzuri kwa mteja yeyote anayetoka kwenye baiskeli, ila afungiwe uani tu, barabarani aufungue. Nafula akapiga video ya kila zoezi, kwa sababu Mama Awor alimwita aje ndani. Akimaliza mzunguko tunakaa, tunatazama, tunabishana, anapanda tena. Mafundi ndio waliopata taabu. Kila alipopanda waligeuka ukutani kwa mazoea, kisha wakakumbuka, wakageuka nusu, wakabaki wamesimama upande kama kaa.

Tajiri akatoka ofisini, akamkuta msichana aliyemfukuza yuko ndani ya lango, amekaa juu ya tairi letu, anakunywa chai yetu.

"Nani amempa ruhusa?" akauliza.

"Mimi," Mama Awor akasema akiwa juu ya pikipiki.

"Mama, hii ni duka yangu."

"Ndiyo, ssebo. Duka ni yako. Pikipiki pia bado ni yako. Kuanguka ni yangu."

Tajiri akaniangalia mimi nimsaidie. Nikaangalia ukuta.

Basi, wadogo zangu, jibu langu kwa swali lenu liko hapo. Sisi tulikuwa tunabishana kama ruhusa itoke kwa Tajiri au kwa kampuni inayotuletea pikipiki, na Nafula naye akasema barabara ni ya kila mtu. Sote tulimruka yule aliyekaa juu ya kiti. Muulizeni yeye. Akisema asipigwe, asipigwe hata kutoka kwa mama wa chapati, na mkalisimamie hilo kwa sauti. Akisema apigwe, Tajiri akanywe chai. Nafula alikubali hivyo kabla hata hajamaliza kikombe, na sijamsikia akivunja. Mzee Egesa, Mungu amrehemu, sidhani alikosea kutufundisha ukuta. Wapo watu wanaouhitaji, na nyinyi mtawajua. Ila yeye pia hakuwahi kuuliza.

Tajiri mtamwona bado anasita. Mpeni muda. Hata mimi usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa nawafikiria wateja wote niliowapongeza kwa nyuma ya kichwa.

Jumamosi akina mama wa Sop Sop walikuja na magunia ya mihogo mikavu, wakakaa safu uani wakiwa na mikoba yao mapajani. Othieno naye alikuja. Alikuwa mtu mchangamfu, simsemi vibaya, na alikuwa amejiandaa. Alivaa koti la ngozi na helmeti mpya iliyokuwa bado na karatasi ya nailoni kiooni. Alinisalimia kama mtu anayesalimia fundi wake wa baadaye.

Habari za kuanguka zilikuwa zimefika kijijini hata bila video, kwa miguu, kama zilivyofika siku zote. Othieno alimwendea Nafula mbele ya wote. "Dada, nasikia uko na ile video ya mama akianguka. Onyesha hawa mama waone, ili tusipoteze wakati."

Nafula akaweka simu nyuma ya mgongo. "Hiyo si yangu kuonyesha," akasema. "Uliza mwenyewe."

Niliziona nyuso za akina mama, na huruma ilikuwa imeshaanza kuingia. Mmoja alikuwa ameshafungua mdomo, na nilijua neno la kwanza litakuwa "pole."

"Waonyeshe," Mama Awor akasema. "Zote."

Simu ikazunguka kwa akina mama. Wakaona ya kwanza, karibu na lango, wakashika mashavu. Wakaona ya pili. Wakaona ile ambayo alisimama vizuri, kisha akasahau kuweka mguu chini, akaanguka upande wa pili, wakaanza kucheka, na Othieno alicheka zaidi yao. Lakini kufikia zile za mwisho kicheko cha Othieno kilikuwa kimebaki peke yake. Akina mama walikuwa wanatazama mikono. Mmoja wao, mtu wa baiskeli pia, nikamwona anafinya vidole vyake hewani, kisha anaachia wa kulia, anakanyaga ardhi kwa mguu.

Mama Awor alikwenda kwenye pikipiki. Hakukuwa na tyubu tena kwenye breki, niliitoa mwenyewe asubuhi. Alifunga gunia la mihogo kwenye keria, kwa fundo lake mwenyewe, akaacha nafasi ndogo ya mtu. Kisha akawasha injini. Mafundi wangu wote, bila kuambiwa, wakageuka ukutani. Na mimi pia.

"Nyinyi wa huko," akasema. "Geukeni mniangalie."

Tukageuka.

"Shemeji, panda nyuma."

"Mimi?" Othieno akasema.

"Gunia inataka mtu wa kuishika njiani. Panda."

Hakukuwa na namna ya kukataa mbele ya watu wote wale. Othieno akapanda na koti lake, akaegemea gunia kwa mgongo, akatafuta mahali pa kushika, na pote palikuwa pa shemeji yake, kwa hiyo akashika keria kwa nyuma. Mama Awor aliachia klachi taratibu. Wakatoka langoni, wakaingia barabara ya Mukuju, wakapanda kilima wakiwa na uzito wote ule, na Nafula akawa anakimbia pembeni na kijiti chake mpaka akachoka. Kabla ya siku ile nilikuwa sijawahi kumtazama mteja tangu mwanzo mpaka mwisho. Niliona bega la kushoto likikaza wakati wa gia. Niliona anavyotazama kona kabla ya kuifikia. Kulikuwa na mengi ya kuona.

Alikata kona juu kule, akarudi, akaingia langoni, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya akina mama. Nikautazama mguu wake wa kulia. Ukakanyaga. Pikipiki ikasimama wima, na vumbi likatangulia mbele peke yake.

Akina mama hawakupiga vigelegele. Walikuwa wameshainuka, wameacha mikoba chini, wanafunga vitenge vizuri kiunoni, na yule wa vidole alikuwa ameshafika kwenye usukani. Othieno alikuwa bado amekaa nyuma, anangoja nadhani aulizwe ameonaje.

"Shuka, shemeji," Mama Awor akamwambia. "Wenye pikipiki wanangoja."